Shairi darasani: uwaimbishe, wakufuatishe, waigize ngonjera au wasome kwa maana kwanza?

Mdogo wangu mmoja kaajiriwa juzi juzi tu kule Kasulu vijijini, kanipigia simu. Shikamoo kaka, marahaba, hata habari za nyumbani hajauliza kaingia moja kwa moja: kaka nimekabidhiwa watoto wa darasa la nne wasome shairi siku ya mahafali ya la saba, nina wiki tatu, na kila mwalimu hapa ofisini ana lake. Mmoja anamwambia waimbishe, shairi lisipoimbwa halina ladha. Mwingine anasema ngonjera, yale mashairi ya kujibizana, ndo wageni wanapenda. Mwalimu mkuu anataka wakariri, wasimame wima, wasome vizuri basi. Sasa kaka nishike lipi?

Nilianza kumjibu salio likakata, na kwa kweli jibu lenyewe sio la dakika mbili. Mi nafundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Ujiji, Kigoma, huu mwaka wa 11, na njia zote hizo nimezipitia na watoto wa kweli, zingine zimenipa raha na zingine zimeniumiza, kwa hiyo naziweka hapa pembeni kwa pembeni ili na mwalimu mwingine aliye kwenye hali kama yake apate pa kuanzia. Hata mzazi anayetaka kumsaidia mwanae nyumbani.

Ili tusiongee hewani nitatumia ubeti mmoja tu kwa njia zote. Niliutunga mwenyewe kwa ajili ya darasa, ni tarbia ya kawaida, yaani mishororo minne, mizani 8 kwa 8, yaani silabi nane kila nusu ya mshororo, vina vya kati "ni" na vya mwisho "li":

Jua lazama ziwani, taa zawaka kwa mbali,
Baba yumo mitumbwini, avua kwa taa kali,
Mama yuko ufukweni, asubiri, hata hali,
Dagaa njoo nyavuni, tukalipe deni hili.

Mtoto wa Kigoma huo ubeti hauhitaji kumchorea picha, usiku usio na mbalamwezi akisimama Kibirizi au Katonga anaona taa za wavuvi zimejipanga majini mpaka utadhani kuna mji mwingine kule. Na ndo maana niliutunga hivo. Mtoto akipewa shairi la theluji utamfundisha theluji kwanza ndo aje asome.

Tuanze na kuimba, maana ndo njia ya wengi na ndo ya jadi. Ushairi wetu ulikuwa wa kuimbwa toka zamani, kwa hiyo anayekwambia waimbishe hajakosea hata kidogo. Hapa Ujiji ndo usiseme, nusu ya darasa wanatoka madrasa, kaswida wanazo kichwani toka wana miaka mitano, wenzao wapo kwaya za kanisani, ukiwapa mahadhi mara mbili wameshayashika na kesho yake unasikia wanaimba wakiwa wanachota maji. Kukariri kunakuja kwenyewe bila fimbo. Halafu kuna faida moja ambayo walimu wengi hawaisemi: mahadhi yanalinda mizani. Mtoto akiongeza silabi, mfano akisema "baba yupo kwenye mitumbwi", wimbo unachechemea hapo hapo na yeye mwenyewe anasikia kuna kitu kimepinda, wala huhitaji kumweleza habari za kuhesabu silabi. Na mtoto mwenye kigugumizi! Nimekuwa naye mmoja, jina lake tu kulitamka ilikuwa kazi, lakini akiimba au akisoma pamoja na wenzie kigugumizi kinapungua mpaka karibu kinaisha. Hiyo inajulikana kabisa kwa wanaoshughulika na matatizo ya kuongea, sio kwangu tu. Kwa mtoto kama huyo kuimba ni mlango.

Sasa shida yake. Mahadhi yanakuwa yale yale kila mshororo. Jua linazama, wimbo ule ule. Mama anashinda na njaa, wimbo ule ule. Kiswahili mkazo wa neno unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ziWAni, ufuKWEni, lakini ukiimba unavuta ile ya mwisho, ziwaniiii, ufukweniiii, kwa hiyo nguvu yote inaenda kwenye kina na maneno ya katikati yanapita kama abiria wa basi usiku, hakuna anayemuona mwenzie. Msikilizaji anabaki na utamu wa ni-ni-ni-li-li-li lakini ukimuuliza shairi limesemaje hana jibu. Na muimbaji mwenyewe hana pia.

Nasema hivo kwa ushahidi. Mwaka mmoja niliwaimbisha huu ubeti wiki mbili nzima, ukakaa vizuri kabisa, na kuna binti mmoja wa darasa la tatu sauti yake ilikuwa inapanda juu ya wote. Siku moja tumebaki wachache baada ya vipindi nikamuuliza tu, mama kwenye shairi anafanyaje? Akanijibu, yuko ufukweni mwalimu, anasubiri hali. Hali gani? Hali yake, ni mbaya. Wiki mbili! Alikuwa anaimba hali kama ile ya "u hali gani", kumbe shairi linasema mama hali, yaani hali chakula. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo halafu akasema, kama mama siku za mbalamwezi. Walioko mbali na ziwa hawatalielewa hilo: mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, watu hawaingii ziwani siku kadhaa, na nyumba zinazotegemea dagaa zinajua hizo siku zinavyokuwa. Baba yake ni mvuvi. Nikamwambia hebu usome sasa, usiimbe. Akasoma, na alipofika "asubiri" akasimama, hakuna aliyemwambia asimame, akasimama mwenyewe, ndo akasema "hata hali" kwa sauti ya chini. Mi nilishindwa kusema kitu kwa muda.

Toka siku hiyo namna yangu ya kufundisha shairi ikabadilika, na nikisema baadae kwamba nimeegemea upande fulani mjue nimeegemea kwa sababu ya hiyo siku.

Kufuatisha sasa. Mwalimu anasoma mshororo, darasa linarudia. Hii ni njia ya mwenye darasa la watoto 90 na kitabu kimoja, na wengi wetu tuko hapo, kwa hiyo siidharau. Ni ya haraka kuliko zote, kipindi kimoja cha dakika 40 ubeti umeshaingia, na hata asiyejua kusoma bado anashiriki. Lakini watoto wanachukua vyote kutoka kwako, kizuri na kibaya. Kuna siku kifua kilinibana nikakata pumzi katikati, "asubiri hata", nikakohoa, "hali". Darasa zima likakata pale pale, na nilihangaika siku nyingi kuwatoa, wengine hawakutoka. Kama lafudhi yako inachanganya r na l, na huku kwetu tupo wengi, basi kesho una watoto 90 wanaochanganya. Na ubaya mwingine mkubwa zaidi ni kwamba inaficha. Midomo 90 inachezacheza, sauti ni kubwa, unadhani wote wanasoma, kumbe 30 wanasoma na waliobaki wanawafata wale 30. Ukimsimamisha mmoja peke yake ndo unagundua.

Kuna kitu kinachanganywa na kufuatisha nacho sicho: kurudia. Mtoto mmoja, ubeti mmoja mfupi, anausoma mara nne au tano mwenyewe mpaka maneno yanaacha kumkwama. Mmarekani mmoja anaitwa Samuels aliandika kuhusu hilo mwaka 1979, kwamba mtoto anayehangaika kutambua neno akili yake yote imeishia hapo hapo, hana akili iliyobaki ya kushughulika na maana, kwa hiyo mwache arudie kipande kifupi mpaka kutambua maneno kuwe kwepesi ndo maana ipate nafasi. Kwenye shairi hii inafaa sana kuliko kwenye habari ndefu, maana ubeti ni mfupi na kurudia shairi hakuchoshi kama kurudia aya ya kitabu. Mi nawaweka wawili wawili, mmoja anasoma mwenzie anasikiliza, wanabadilishana, kelele zinakuwepo kweli ila ni kelele za kazi. Darasa la 90 linawezekana kabisa kwa wawili wawili.

Tuje ngonjera. Hizi zina historia kwetu, Mathias Mnyampala wa Dodoma ndo alizieneza miaka ya 1960, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 zikatumika kueleza siasa ya ujamaa, zikaingia mashuleni na mpaka leo haziondoki, Mwenge ukipita ngonjera, mgeni rasmi akija ngonjera. Ni majibizano ya kishairi, huyu anasema hivi yule anapinga, mwisho wanakubaliana. Nguvu yake ni hiyo ya kujibizana. Mtoto akiwa na mtu wa kumjibu sauti inajipanga yenyewe, hawezi kukasirika kwenye karatasi tu ila akiwa na mwenzie mbele yake anayempinga anakasirika kweli. Ubeti wangu unaweza kuugawa: mmoja anasema mishororo miwili ya baba, mwingine wa mama, kibwagizo, yaani ule mshororo wa mwisho, wote. Mara moja unasikia tofauti.

Lakini ngonjera za shuleni zimeota ugonjwa na nasema hivi kwa uchungu maana nazipenda. Mikono. Mkono wa kulia juu, mkono wa kushoto juu, yote miwili kifuani, na mkono unapanda kwenye neno lolote lile hata kama neno ni "na". Na kupiga kelele. Mtu anamwambia mtoto "toa sauti" mtoto anaelewa "piga kelele", shingo inamtoka mishipa toka beti ya kwanza mpaka ya mwisho na huzuni inapigiwa kelele sawa na furaha. Hili sio la kwetu tu, Marekani wana shindano la wanafunzi wa sekondari la kughani mashairi linaitwa Poetry Out Loud, na kati ya vitu ambavyo majaji wao wanaangalia ni kama msomaji ameonyesha kulielewa shairi na kama uigizaji wake unalifaa shairi, yaani ukiigiza mpaka wewe ndo unaonekana na shairi halionekani umekosea. Nilipojua hivo niliona kumbe kinachonikera mimi pale uwanjani kina msingi.

Jingine ni nafasi. Ngonjera inachukua watoto sita, nane, kumi ikizidi. Na kila mwaka wanachaguliwa wale wale, wenye sauti na wasio na aibu. Wale 80 waliobaki wamejifunza nini? Wamejifunza kwamba shairi sio lao. Kama lengo lako ni siku ya sherehe sawa, kama lengo lako ni darasa basi hapo fikiria mara mbili.

Sasa hii ya kusoma kwa maana, ndo yenye mambo mengi kwa hiyo mnivumilie.

Naanza bila karatasi. Nawasimulia jambo lenyewe, baba kaenda ziwani jioni, mama anamsubiri, nyumbani kuna deni la dukani, basi. Nawauliza nani kashawahi kusubiri mtu usiku. Mikono inajaa. Wanasimulia, anayetaka kwa Kiha asimulie kwa Kiha, sizuii, na hapa nataka niseme kitu kwa walimu wa vijijini kule Kasulu, Buhigwe, Kibondo: Kiha ni lugha ya toni, sauti ikipanda au ikishuka inaweza kubadili maana ya neno, kwa hiyo huyo mtoto unayedhani hana hisia kwenye Kiswahili sikio lake lina uzoefu mkubwa wa sauti kupanda na kushuka, hajui tu kwamba anaruhusiwa kulitumia huku. Mwambie aseme kwa Kiha "mama hajala", msikilize sauti inavyokwenda, halafu mwambie sasa sema kwa Kiswahili ukiwa na uchungu ule ule. Inafanya kazi, nimeona.

Baada ya hapo ndo naandika ubeti ubaoni na tunatafuta mahali pa kupumua. Mkwaju mmoja (/) pumzi fupi, mikwaju miwili (//) kituo kirefu. Wanaotoka madrasa hii wanaielewa upesi sana kwa sababu msahafu una alama za kusimama, hapa lazima usimame, hapa ukiunganisha ni bora, na ustadh wao hana mchezo na hizo alama. Nawaambia shairi nalo lina mahali pa kusimama ila hapa alama mtaweka wenyewe kwa penseli. Basi wanabishana. Kwenye mshororo wa kwanza kila mtu anasimama katikati kwenye koma, sawa. Wa tatu ndo wenye kazi, wengine wanataka kituo kirefu baada ya ufukweni, wengine baada ya asubiri. Mi siwapi jibu haraka. Nawaambia soma hivi, soma na vile, wenzako waseme ipi imewagusa.

Halafu kibwagizo, "Dagaa njoo nyavuni, tukalipe deni hili". Nani anasema? Hapo darasa linawaka moto. Wengine wanasema baba, kwa hiyo ni kama amri, njoo! Wengine mama, anaomba. Siku moja kijana mmoja wa mwisho kabisa nyuma, hasemagi kitu huyo, akasema ni mtoto, mwalimu, mtoto yuko nyumbani anaomba peke yake. Akaisoma kama mtoto anayenong'ona kwenye mkeka. Kitu kimoja, mshororo mmoja, silabi 16, na umesomeka kwa namna tatu na zote ni za kweli. Wakishafika hapo wameshaelewa kwamba hisia sio kutikisa kichwa wala kulegeza sauti, ni kuamua nani anaongea, anaongea na nani na anataka nini.

Gharama yake nayo niiseme wazi. Ni ya polepole, kipindi kizima kinaisha kwa ubeti mmoja, na mwenye silabasi ya kumaliza anaona kama anachezea muda. Inamtaka mwalimu mwenyewe awe amelielewa shairi usiku wa jana na sio pale ubaoni. Na ina hatari yake: watoto wakizama kwenye maana wanasahau kwamba ni shairi, wanalisoma kama taarifa ya habari, mizani inapotea na vina havisikiki. Dawa niliyoipata ni makofi. Kabla ya kusoma tunapiga makofi ya silabi, Ju-a-la-za-ma-zi-wa-ni, nane, pumzi, nane, mara mbili tatu hivi, mapigo yanakaa mwilini, halafu tunasoma kwa kuongea. Mapigo yakishakuwa mwilini hayapotei kirahisi.

Simu niipitie haraka. Kurekodi mtoto halafu ajisikilize ni msaada mkubwa, mtoto anashangaa "kumbe nakimbia hivi!" na anajirekebisha bila kugombezwa. Simu yoyote yenye rekoda inatosha. Ila pata ruhusa ya mzazi, na sauti au video ya mtoto isiende kwenye status wala kwenye magrupu, ikishatumika futa. Na mvua zikianza kwenye bati hata usihangaike, hutasikia kitu.

Sasa ukiziweka kwenye mzani mmoja zinakaaje. Kuna mtaalamu wa kusoma, Timothy Rasinski, ambaye kwenye kipimo chake cha usomaji anaangalia vitu vinne: sauti na hisia, kugawa maneno kwenye vifungu vinavyoleta maana, ulaini yaani bila kukwamakwama, na kasi. Nimezipitisha njia zetu humo. Kuimba kunakupa ulaini na kasi kwa bei rahisi kabisa, vifungu inakupa vya wimbo na sio vya maana, hisia inakupa moja tu kwa shairi zima. Kufuatisha kunakupa vifungu lakini ni vya mwalimu. Ngonjera inakupa sauti, na kama hujaharibu kwa mikono inakupa hisia pia ila kwa watoto wachache. Kusoma kwa maana kunakupa hisia na vifungu vya mtoto mwenyewe, ulaini inabidi uutafute kwa kurudia, na kasi kwa makofi. Hakuna hata moja inayokupa vinne vyote. Kwa hiyo anayesema njia yangu tu ndo njia, mwache.

Mi nachagua hivi. Darasa la kwanza na la pili, waimbishe, usiwe na wasiwasi, huko wengi bado wanapambana na herufi zenyewe na mahadhi yatawafanya walipende shairi kabla halijawa somo. Ila hata hapo waulize maana, swali moja tu kila siku linatosha. Darasa la tatu na la nne, maana kwanza na mahadhi baadae, hapa sibadilishi msimamo, kwa sababu mahadhi yakishatangulia kuyatoa ni kazi kubwa sana, mtoto anafungua mdomo asome wimbo unatoka wenyewe. Lakini akielewa kwanza halafu ukampa mahadhi anaimba kwa kuelewa, anapunguza pale pa kupunguza, na kuimba huko ndo kule walikokuwa wanakufanya malenga wenyewe. La tano kwenda juu, ngonjera ni nzuri sana kama wataandika wenyewe hata beti mbili. Na ukiwa na siku tatu tu mgeni anakuja, fuatisha, usijilaumu, ila chagua mshororo mmoja tu uwaeleweshe kwa kina na uache mingine.

Shairi gani pia ni uchaguzi. Watoto wadogo wanapumua mfupi, mshororo wa mizani 16 unawashinda wasipopata pa kupumua katikati, ndo maana wengine tunaanza na mtindo wa utenzi, mishororo ya mizani 8 tu, minne kwa ubeti, pumzi moja mshororo mmoja. Tarbia inafata. Mashairi huru, yale yasiyo na vina wala mizani, yaliyowagombanisha wanamapokeo, wanaoshika vina na mizani, na wanamamboleo, wanaoviacha, miaka ya 1970, mi nawapa watoto wa madarasa ya juu, kwa sababu huko hakuna wimbo wa kujificha nyuma yake, usipoelewa unaanikwa.

Sasa mdogo wangu, wiki zako tatu. Ya kwanza usishike kabisa habari ya jukwaa. Simulia, wasimulie, makofi, mikwaju, wawili wawili, darasa zima sio waliochaguliwa. Ya pili ndo wagawane sauti, nani baba, nani mama, nani mtoto, na kibwagizo wote, na usichague wale wa kila mwaka tu, mchanganye na yule wa nyuma asiyeongea. Kama walimu wenzio wanataka wimbo wape kibwagizo kiimbwe, mishororo mingine isomwe, hapo utakuwa umemridhisha aliyetaka waimbe na mwalimu mkuu pia. Ya tatu watoe nje. Mmoja asimame chini ya mwembe mwingine aende mpaka getini, amsomee kwa namna ambayo wa getini anasikia maneno yote bila anayesoma kupiga kelele. Watajifunza wenyewe kwamba sauti inafika mbali kwa kufungua mdomo na kutamka irabu vizuri, sio kwa kukaza shingo, na siku hiyo maiki ikigoma, nazo hugoma sana siku za mahafali, hamtaaibika. Mikono waiache ikae inapokaa. Ikipanda yenyewe kwa sababu mtoto ameguswa, iache ipande.

Na ubeti wangu uchukue. Ila huko kwenu hakuna ziwa, kuna mahindi na maharage, kwa hiyo usiwape dagaa. Anza na kibwagizo, "Mahindi ota shambani, tukalipe deni hili", nimehesabu, ni nane kwa nane. Ile mishororo mitatu ya juu usiwatungie. Waulize mama yuko wapi wakati wa kusubiri mvua, na anakula nini, wao watakwambia, wewe kazi yako iwe kuhesabu mizani tu.